Imeenda au Haijaenda?

Saa saba mchana, Mbagala Rangi Tatu, kwenye kibanda cha wakala ninapokaa kusubiri daladala zipungue watu. Mama mmoja muuza samaki ameshaweka hela kwa wakala, sasa anamtumia mtu wake wa Feri shilingi 60,000 za mzigo wa kesho. Simu yake ni janja ya bei ya chini, kioo kina ufa kutoka kona hadi kona, na mwanga ameupunguza ili chaji ifike jioni. Anabonyeza kwa kidole gumba, mkono wa pili umeshika ndoo. Namba ya anayepokea. Kiasi. Namba ya siri. Duara linazunguka, linazunguka, kisha kinatokea kijidirisha cha kijivu: "Connection problem or invalid MMI code."

Akakinga kioo kwa kiganja ili jua lisimzuie kusoma. Akasogeza simu karibu na uso.

"Mwanangu, imeenda?"

"Subiri meseji, mama," wakala akamjibu bila kuinua macho kwenye daftari lake.

Lakini mtu wa Feri alikuwa anapiga simu, anataka hela aufunge mzigo. Mama akarudia yote toka mwanzo. Safari hii ilikubali. Dakika tatu baadaye zikaingia meseji mbili, zikifuatana: 60,000 imetumwa, 60,000 imetumwa. Alipompigia yule bwana, akaambiwa asiwe na wasiwasi, itakatwa kwenye mzigo unaofuata. Huenda ni kweli. Ila mtaji wa siku mbili ulikuwa umekaa kwenye simu ya mtu mwingine, na mama alisimama pale akitazama ndoo yake kana kwamba ndiyo iliyokosea.

Kosa hilo ni la nani? Waliokuwepo walisema ni la mama, alikuwa na haraka. Ukipiga huduma kwa wateja utaambiwa kwa upole kwamba mfumo ulitekeleza alichoagiza mteja, mara mbili. Mimi kazi yangu ni kutengeneza mifumo, na kwa miaka niliyokaa upande wa ndani wa kioo nimefikia msimamo ambao siuachii: ujumbe wa hitilafu ambao mtu hakuuona, au aliuona asijue umemwambia nini, ni programu ambayo haijakamilika. Na kuonekana kwake hakuanzii kwenye rangi nyekundu wala kwenye mlio. Kunaanzia kwenye kulijibu swali la yule mama, neno kwa neno. Hakuuliza kuhusu muunganisho. Aliuliza hela yake iko wapi.

Tutazame kilichotokea ndani ya simu ile. Huduma za nyota na reli hupita kwenye njia iitwayo USSD. Ni mazungumzo ya papo kwa papo kati ya simu na kompyuta za mtandao, na hayabaki popote kwenye simu. Kikao kikifungwa, kila kilichoandikwa kimefutika. Ujumbe mmoja hauzidi herufi 182. Unapoingiza namba ya siri, ombi linapita mnarani, linaingia kwenye mitambo ya kampuni, linafika kwenye seva inayotunza salio. Seva inahamisha hela, halafu jibu linaanza safari ya kurudi. Jibu likichelewa, kikao kinakatwa. Sasa, kikao kinaweza kukatwa kabla ombi halijafika, na kinaweza kukatwa hela ikiwa imeshahama. Simu haina namna ya kutofautisha. Inachojua ni kwamba mazungumzo yamekatika, kwa hiyo inatoa sentensi moja yenye sababu mbili zisizofanana hata kidogo: labda mtandao unasumbua, labda umekosea namba. Hiyo MMI ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yanayomaanisha kiungo kati ya mtu na mashine. Ukiweka simu kwenye Kiswahili sentensi itakuja imetafsiriwa, na bado haitagusa hata shilingi moja ya mama wa samaki, kwa sababu aliyeiandika alikuwa anaeleza hali ya mtambo.

Anayejua hela iko wapi ni seva. Na seva ina njia ya kusema, tena njia nzuri mno. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, ilikuja na kitu ambacho sisi watengenezaji tungekisoma kama Kurani na Biblia: meseji ya uthibitisho. Inaingia kwa aliyetuma na kwa aliyepokea. Ina namba ya muamala, jina, kiasi, saa, na salio lililobaki. Haipotei ukizima simu. Kiswaswadu inaipokea sawa na simu ya milioni mbili. Ndiyo maana ukienda dukani leo hakuna anayeuliza kama umebonyeza; swali ni moja tu, "Meseji imeingia?" Jamii nzima imejifunza kuiamini meseji kuliko kioo. Hata matapeli wanalijua hilo, ndiyo maana wanaghushi meseji na hawahangaiki kughushi menyu.

Lakini meseji hiyo ni ya kufaulu. Kikao kinapokatwa njiani, mara nyingi hakiji kitu, na ukimya huo una tafsiri mbili: hela haijaenda, au imeenda ila meseji imechelewa. Kufaulu kuna risiti, kukwama hakuna. Mtu anaachwa aamue mwenyewe, akiwa juani, na mtu wa Feri anapiga simu.

Anayerudia kubonyeza si mjinga. Ukimwita mtu asiitike, unaita tena. Ndivyo binadamu alivyo. Oktoba 2015, kwenye mji mdogo wa Dalmellington huko Uskochi, mtumishi wa posta alikuwa anaingiza pauni 8,000 kwenye hesabu za tawi dogo. Mfumo wa kompyuta wa posta ya Uingereza, Horizon, ukaganda kwenye ukurasa wa kuthibitisha. Akabonyeza tena. Na tena. Kioo hakikubadilika, hakuna onyo, hakuna mlio, hakuna neno. Nyuma ya kioo, kila alipobonyeza, mfumo uliandika pauni 8,000 nyingine. Mwishoni vitabu vilisema amepokea 32,000. Upungufu wa pauni 24,000 ukazaliwa kwenye kitufe kilichoonekana kama hakifanyi kazi.

Kasoro hiyo iligunduliwa. Zilikuwepo nyingine nyingi ndani ya Horizon, na kati ya 1999 na 2015 wasimamizi wa posta zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu na kughushi hesabu, ushahidi ukiwa namba zilizotoka kwenye mfumo huo. Wengi walipopiga simu kuomba msaada waliambiwa ni wao peke yao wenye tatizo hilo. Wapo waliofungwa, wapo waliofilisika wakijaza upungufu kutoka mfukoni, wapo waliojiua. Desemba 2019 Mahakama Kuu ya Uingereza ilikubali kwamba mfumo ulikuwa na kasoro zenye uwezo wa kuleta upungufu matawini, na Mei 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kufuta hukumu hizo. Mambo mengi yalichangia balaa lile, likiwemo shirika lililokataa kukiri. Lakini chini kabisa ya rundo lote kuna kitu kidogo sana: mfumo ulikosea, na aliyeketi mbele yake hakuonyeshwa. Kosa la kompyuta lisipoonekana halipotei. Linamhamia mtu, na anaanza kulijibu yeye.

Kwa hiyo tupige kelele zaidi? Hapo wengi wetu tunakimbilia. Ujumbe haukuonekana, tuukuze. Tuuweke mwekundu, uteteme, ulie, uzibe kioo kizima mpaka mtu abonyeze "Sawa". Wahenga walishalitazama jambo hili kwa jicho kali: kelele za mlango hazimkeshi mwenye nyumba. Mlango unaolia kila upepo ukipita, mwenye nyumba anaacha kuusikia. Na siku mwizi anapoingia, unalia vilevile.

Kisa kinachonirudia kila nikiandika ujumbe wa hitilafu ni cha mashine iitwayo Therac-25. Ilikuwa mashine ya kutibu saratani kwa mionzi, kazi ya kampuni ya Kanada iitwayo AECL, na kati ya Juni 1985 na Januari 1987 iliwachoma wagonjwa sita huko Marekani na Kanada kwa dozi kubwa kupita kiasi. Machi 1986, katika kituo cha saratani mjini Tyler, Texas, mwendeshaji mwenye uzoefu aliandika herufi ya aina moja ya mionzi mahali pa nyingine, akaona kosa lake, akarudi juu haraka na kulirekebisha. Alikuwa na kasi, kazi ile aliifanya kila siku. Hakujua kwamba kasi yake ilikuwa imeiacha mashine katikati ya mipangilio miwili. Akawasha. Mashine ikasimama, na kwenye kioo yakatokea maneno mawili: "Malfunction 54".

Karatasi iliyobandikwa kwenye mashine ilisema namba 54 ni hitilafu ya "dose input 2". Basi. Baadaye fundi wa kampuni alieleza maana yake: dozi iliyotoka ilikuwa kubwa mno au ndogo mno. Fikiria ujumbe mmoja unaobeba yote mawili! Kioo kilionyesha kwamba mgonjwa amepata vipimo 6 tu kati ya 202 vilivyotakiwa, yaani kama hajapata kitu. Na mwendeshaji alikuwa na kumbukumbu ya siku nyingi za kazi: mashine zile zilitoa ujumbe wa hitilafu mara kwa mara, kwenye kliniki nyingine hata wastani wa 40 kwa baadhi ya siku, na kwa kawaida ilikuwa ni mionzi kupungua. Hakuna aliyeumia. Ukibonyeza P, kazi inaendelea. Akabonyeza P.

Ndani ya chumba mgonjwa alikuwa ameshahisi pigo kama la umeme mgongoni, anajaribu kuinuka kitandani. Pigo la pili likampata mkononi. Kipaza sauti cha chumbani siku hiyo kilikuwa kibovu na kamera haikuwa imeunganishwa. Alitakiwa kupata rad 180, rad ikiwa ni kipimo cha mionzi. Makadirio ya baadaye yalisema alipata kati ya 16,500 na 25,000 kwenye eneo dogo sana la mwili. Alifariki miezi mitano baadaye. Mwezi uliofuata ajali ile, mahali palepale, namba 54 ilitokea tena, na mgonjwa wa pili hakumaliza mwezi. Ndipo mwanafizikia wa hospitali, Fritz Hager, na mwendeshaji yule walipoketi mbele ya mashine wakirudia kuandika na kurekebisha, kuandika na kurekebisha, mpaka wakaweza kuiita 54 kwa makusudi. Ni kasi ya kuandika iliyokuwa siri yake.

Ujumbe ule ulionekana, hilo ndilo linaloniuma. Ulikuwa mbele ya macho ya mtu makini aliyekuwa anautazama. Ulionekana kama mlango unavyosikika. Mashine ilikuwa imemfundisha, siku baada ya siku, kwamba ujumbe wa hitilafu ni kero ya kupita, na ilikuwa imemwekea dawa ya kero hiyo kwenye kitufe kimoja kilicho karibu na kidole. Hospitali hazijapona ugonjwa huu. Mwaka 2013, taasisi ya Marekani inayokagua ubora wa hospitali, Joint Commission, ilitoa tahadhari ikisema kati ya asilimia 85 na 99 ya milio ya mashine wodini haihitaji muuguzi afanye chochote. Muuguzi asiyegeuka mlio wa tisini hajapuuza kazi yake. Amefunzwa hivyo na mlio wa kwanza hadi wa themanini na tisa.

Kwa hiyo swali la kwanza la mtengenezaji lingekuwa: je, hili linastahili kumsimamisha mtu? Mengi hayastahili. Kama picha haikupakia na programu inaweza kujaribu tena yenyewe, ijaribu kimyakimya. Kama mtu ameandika namba ya simu yenye nafasi katikati, programu iiondoe nafasi hiyo badala ya kumgombeza. Kila onyo dogo unaloliondoa linaliachia nafasi lile kubwa. Nimekaa kwenye vikao ambavyo watu wanabishana saa nzima kuhusu rangi ya dirisha la onyo, na hakuna anayeuliza kwa nini dirisha hilo lipo.

Nikisema haya kazini, kuna jibu ninalolipata kila mara: watumiaji hawasomi. Utaandika nini, wao watabonyeza tu. Nilikuwa naliamini kidogo jibu hili mpaka nilipokutana na utafiti wa Devdatta Akhawe na Adrienne Porter Felt uliotolewa mwaka 2013. Walitazama maonyo zaidi ya milioni 25 yaliyowatokea watu halisi kwenye vivinjari viwili, yaani programu za kufungulia tovuti, Chrome na Firefox. Kwa maonyo ya tovuti zenye cheti (kitambulisho cha tovuti) kisichoaminika, watumiaji wa Firefox waliolipuuza onyo na kuendelea walikuwa asilimia 33. Wa Chrome walikuwa 70. Intaneti ileile, hatari ileile. Sehemu ya tofauti hiyo ni kwamba Firefox ilikumbuka ruhusa uliyoitoa, ikaacha kukusumbua kwa tovuti ileile, na kupita onyo lake kulihitaji hatua zaidi. Maonyo ya virusi na utapeli, ambayo yalitokea mara chache na kusema wazi kilichopo mbele, wengi kwenye vivinjari vyote viwili waliyatii. Mtu anayesema watumiaji hawasomi anazungumzia onyo lake mwenyewe bila kujua.

Watu wa Chrome, sifa ziwaendee, hawakukaa na aibu hiyo. Miaka miwili baadaye walitoa matokeo ya onyo jipya. Walijaribu kuwafanya watu waelewe zaidi hatari iliyopo, na kwa hilo hawakufanikiwa sana. Lakini walibadilisha njia: kitufe cha kurudi mahali salama kikawa kikubwa na cha rangi, njia ya kuendelea ikafichwa nyuma ya neno dogo. Waliorudi nyuma waliongezeka sana. Mimi hilo la pili nalipokea kwa tahadhari, kwa sababu mkono unaomsukuma mtu kwenye usalama unaweza kumsukuma pia kwenye mkopo wa simu. Bado linathibitisha kwamba mahali kilipo kitufe kunasema zaidi ya aya nzima ya maelezo.

Na mahali ndipo tunapokosea zaidi huku kwetu, kwa sababu tunachora kwenye kompyuta kubwa, ndani ya ofisi yenye kiyoyozi, kitu kitakachosomwa Mbagala saa saba. Programu za Android zina ule ujumbe mdogo unaochomoza chini ya kioo na kuyeyuka. Muda wake umewekwa: sekunde 2 kwa mfupi, sekunde 3 na nusu kwa mrefu. Ni mzuri kumwambia mtu kwamba picha imehifadhiwa. Lakini nimeuona ukitumika kusema malipo yameshindikana! Sekunde mbili, chini ya kioo, mahali ambapo kidole gumba kimekaa na kibodi imefunika. Mtu akigeuka kumpa konda nauli, habari ya hela yake imeshapita.

Au fomu ndefu ya maombi, ya chuo au ya leseni. Unajaza mpaka chini, unabonyeza "Tuma", hakitokei kitu. Unabonyeza tena. Kumbe kuna mstari mwekundu umetokea juu kabisa, kwenye sehemu ya fomu uliyoipita dakika kumi zilizopita, unasema kuna sehemu haijajazwa sawasawa. Haisemi ipi. Mwaka jana nilikaa na binti wa jirani yangu usiku tukijaza fomu ya namna hiyo, na saa nzima tuliamini mtandao ndio tatizo. Kilichokuwa kinakataa ni tarehe ya kuzaliwa, ilitaka mwaka utangulie. Kama mfumo ungempeleka pale pale penye kosa, ukaandika chini ya kisanduku "Anza na mwaka, kwa mfano 2006-03-14", angelala saa tatu. Badala yake alilala saa sita, akiwa na hofu kwamba dirisha la maombi litafungwa na yeye ndiye mzembe.

Wapo pia ambao hawauoni kabisa mstari mwekundu. Mtu asiyetofautisha nyekundu na kijani anaona mistari miwili ya rangi moja. Asiyeona anatumia TalkBack, simu inamsomea kilichopo. Onyo likitokea juu yeye akiwa chini, simu haitamtajia kama mtengenezaji hakuiambia. Miongozo ya kimataifa ya tovuti, WCAG, imeshalisema hili toka zamani: rangi isibebe habari peke yake, maandishi yatofautiane na mandhari yake kwa kiwango cha 4.5 kwa 1 au zaidi, na tangu toleo la Juni 2018, ujumbe wa hali uweze kusomwa na vifaa hivyo bila mtu kuutafuta. Kiwango hicho cha 4.5 waliwekewa watu wenye uoni hafifu. Chini ya jua la Dar es Salaam, na mwanga wa simu umepunguzwa ili chaji ifike, sisi sote tuna uoni hafifu.

Kupotea mahali si ugonjwa wa maskini peke yake. Asubuhi ya Agosti 1, 2012, mifumo ya kampuni ya hisa ya Knight Capital ya Marekani ilituma barua pepe 97 kwa wafanyakazi wake kabla soko halijafunguliwa, zikitaja kosa lililokuwa ndani ya seva. Zilikuwa barua pepe za kawaida, zimechanganyika na nyingine, hazikuwa zimepangwa kuwa onyo, na hakuna aliyezifanyia kazi. Soko likafunguliwa. Kwa takriban dakika 45 programu yao ilinunua na kuuza bila kujizuia, na hasara ilizidi dola milioni 460. Onyo lilikuwepo mara 97, ila halikuwa mahali ambapo mtu mwenye uwezo wa kuzima mashine alikuwa anatazama.

Nirudi kibandani. Wiki moja baada ya siku ile nilikuta wakala ametundika kipande cha boksi kwenye mlingoti wa mwavuli, kimeandikwa kwa maka peni: UKIONA CONNECTION PROBLEM USIRUDIE. SUBIRI MESEJI AU ANGALIA SALIO. Nilikisoma mara mbili. Kina kila kitu. Kimekaa usawa wa macho ya mteja aliyesimama. Kinataja kile atakachokiona, kwa maneno yaleyale atakayoyaona, hata kama ni ya Kiingereza. Kinamwambia asifanye nini kabla ya kumwambia afanye nini, kwa sababu hatari iko kwenye kidole kinachotaka kurudia. Na kinamwelekeza kwenye njia mbili za kuujua ukweli. Nilimuuliza kama kimesaidia. "Wanasoma, kaka," akasema. "Wengine wananisomea mimi kwa sauti, halafu wanakaa kwenye kiti wanasubiri."

Kijana huyo hajasomea kompyuta. Aliwatazama watu wakiumia mbele yake kwa miezi, akajua kidole chao kinakwenda wapi, akaweka onyo pale. Sisi tunaolipwa kuandika mifumo hatukai mezani pake. Ndiyo, kazi ya ndani ipo na ni ngumu kiasi: kila ombi lipewe alama yake, ili likija mara ya pili seva ijue ni lilelile, na mtu akituma kiasi kilekile kwa namba ileile ndani ya dakika chache, aulizwe kwanza. Baadhi ya huduma hufanya hivyo tayari. Kilichobaki ni kwamba kila kikao kilichokatwa baada ya namba ya siri kimalizike kwa meseji, hata kama hela haikutoka. Gharama yake ni meseji moja. Meseji ina nafasi ya herufi 160, na hizi mbili hazifiki 100 kila moja:

"Hela haijatoka. Sh 60,000 yako bado iko kwenye akaunti. Unaweza kutuma tena."

"Bado hatujui kama hela imefika. USITUME TENA. Tutakuletea meseji ndani ya dakika 10."

Ya pili ndiyo inayowatisha wakubwa wa kampuni, nimeshaona nyuso zao. Hawataki kuandika "hatujui". Wanaona inashusha heshima ya huduma, afadhali kijidirisha cha kijivu ambacho hakina jina lao. Lakini kwa dakika zile ndiyo habari ya kweli pekee iliyopo, na mama wa samaki angeweza kumsomea mtu wa Feri kwenye simu, neno kwa neno, kisha akakaa kwenye kiti cha plastiki na ndoo yake miguuni.